Vyuma vya Zamani Njia ya Naliendele

Ukitoka Mtwara mjini kwa barabara ya Newala, utafika Naliendele baada ya kilometa kama 10. Si safari ndefu. Watu wengine huenda na kurudi kwa baiskeli siku hiyo hiyo. Njiani utaona mikorosho, minazi, miembe na mashamba ya muhogo. Udongo ni wa kichanga. Kisha utaona kibao cha kituo cha utafiti wa kilimo. Siku hizi kituo hicho kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI.

Wageni wengi huja Naliendele kwa ajili ya mbegu na miche. Hilo ni jambo jema. Mbegu bora za karanga zilizotolewa mwaka 2009 zina majina ya huku kwetu: Naliendele, Mangaka, Mnanje, Masasi na Nachingwea. Lakini leo nakuomba usitazame mbegu. Pita nyumba za wananchi wanaokizunguka kituo, kisha tazama nyuma ya majiko na chini ya mikorosho. Utaona vyuma.

Utaona jembe lisilo na mpini. Utaona shoka lenye kutu, mundu uliovunjika ncha, mbuzi ya kukunia nazi iliyoisha meno, na kipande cha springi ya gari. Pengine utaona mashine ya kupulizia salfa iliyolala ubavu, kuku wameigeuza mahali pa kutagia. Mwenye nyumba huviita vitu hivyo takataka. Mnunuzi wa vyuma chakavu haviiti takataka. Yeye huviita kilo.

Mnunuzi hupita na baiskeli au guta. Mara nyingi mazungumzo huwa kama haya:

– Hodi wenyewe!

– Karibu.

– Shikamoo, bibi.

– Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?

– Sijambo. Bibi, huna vyuma vibovu?

– Viko nyuma ya jiko. Katazame mwenyewe.

– Nimeona jembe na shoka. Na hii mashine je?

– Hiyo ni ya babu yako. Haiwaki tangu mwaka juzi.

– Basi imekufa, bibi. Nitakupa fedha ya sukari.

Hapo hakuna aliyemwibia mwenzake. Kijana anatafuta riziki yake. Bibi amepata fedha ya sukari. Lakini hebu tuhesabu. Jembe lililolika halifiki hata kilo 1. Fedha ya chuma hicho haiwezi kununua jembe jipya. Na mashine ya babu pengine haikufa. Pengine ilikuwa na plagi mbovu tu.

Kabla ya kuieleza mashine hiyo, twende kwanza kwenye vyuma vikubwa zaidi vilivyopita katika nchi hii ya kusini. Wazee wanavikumbuka.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Walikusudia kulima mamilioni ya ekari, na kazi ilifanyika katika sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, na reli ya kutoka bandarini kwenda bara. Mji wa Mtwara kama tunavyoujua leo ulianzia hapo.

Matrekta mapya hayakutosha. Kwa hiyo walinunua matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino. Kiwanda cha Vickers cha Uingereza kilichukua vifaru vya vita vya aina ya Sherman na kuvigeuza kuwa matrekta. Matrekta hayo waliyaita Shervick. Fikiri, ndugu msomaji: kifaru kilichotengenezwa kwa ajili ya kupiga watu kikaletwa kung'oa visiki ili tupande karanga!

Vyuma hivyo vilishindwa upesi. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu wakati wa kiangazi, na mchanga wake ulikula majembe ya matrekta. Mizizi ya miti ilivunja vyuma. Mashine moja ilipoharibika, kifaa chake kilisubiriwa kutoka ng'ambo. Mafundi waliojua mashine hizo walikuwa wachache. Matrekta mengi yalisimama kabla ya kufanya kazi ya maana. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na chuma chake kikang'olewa. Huko Nachingwea jina la Farm 17 limebaki mpaka leo. Lilikuwa shamba la mpango wa karanga. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO walipata mafunzo yao hapo.

Watu hupenda kusema kwamba mpango wa karanga ulishindwa kwa sababu ya mvua na udongo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mashine isiyo na fundi wa karibu na isiyo na vifaa vya akiba ni mzigo. Baada ya Uhuru jambo hilo hilo lilitupata sisi wenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi yetu ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kwa mitambo ya Kiitaliano na Kijapani. Kufika miaka ya 1980 vingi vilikuwa kimya. Korosho zilikuwa chache, na mitambo ilihitaji vifaa vya kuagizwa kwa fedha za kigeni. Majengo mengine yakawa maghala.

Mashine iliyookoa mikorosho

Sasa turudi kwenye mashine ya babu chini ya mkorosho.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Bei kwa mkulima ilikuwa ndogo. Wakulima wengi walihamia katika vijiji vipya, na mikorosho yao ikabaki mbali porini. Na ulikuja ugonjwa wa ubwiri unga. Ugonjwa huu ni ukungu mweupe kama unga. Hushika maua na majani machanga. Ua lililoshikwa hukauka, halizai korosho.

Watafiti wa Naliendele waliushughulikia ugonjwa huo kwa miaka mingi. Moja ya dawa zilizofaa ni salfa ya unga. Lakini mkorosho ni mti mkubwa. Huwezi kuutupia salfa kwa mkono ukafika kileleni. Ndiyo maana mkulima alihitaji mashine ya kubeba mgongoni, yenye mota ndogo, feni na bomba refu. Mashine hiyo husukuma unga mpaka juu ya mti. Salfa na mashine hizo zilienea vijijini, mikorosho ikapaliwa na kupunguzwa matawi, na korosho zikarudi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Kwa hiyo ile mashine wanayotagia kuku si kitu kidogo. Kwa familia nyingi za Mtwara ndiyo iliyopeleka mtoto sekondari.

Ni nini huiua mashine hiyo? Mara nyingi si kazi. Ni kulala. Mkulima anamaliza kupulizia, anaiweka pembeni pamoja na salfa iliyobaki ndani. Mvua zinakuja. Salfa ikikaa na unyevu huzaa asidi, na asidi hula chuma. Petroli iliyobaki katika tangi nayo huharibika, ikaacha utando kama gundi ndani ya kabureta. Msimu ujao mkulima anavuta kamba mpaka bega linamuuma. Haiwaki. Ndipo husema imekufa.

Kabla ya kuiuza, fanya hivi. Ipeleke mahali pa wazi, mbali na moto na sigara, kwa kuwa petroli huwaka na unga wa salfa nao huwaka. Mwaga petroli ya zamani. Toa salfa yote katika tangi lake na katika bomba, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Fungua chujio la hewa. Mara nyingi utalikuta limeziba kabisa, na mota isiyopata hewa haiwezi kuwaka. Lisafishe. Fungua plagi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isugue kwa brashi ya waya. Ikiwa imelika, nunua mpya. Kabureta ifunguliwe na fundi, kwa sababu ina vitundu vidogo sana, na mwenye haraka huvipanua kwa msumari akaiharibu moja kwa moja.

Kisha tia petroli mpya iliyochanganywa na oili ya mashine za aina hiyo. Mota hii haina mahali pengine pa kutilia oili. Oili yake yote hupita katika petroli. Ukitia petroli tupu, itawaka vizuri asubuhi, na mchana itakuwa chuma cha kuuza kweli. Mashine nyingi za zamani hutaka lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita. Tazama maandishi kwenye tangi au katika kitabu chake. Wewe unayejua kusoma sasa unaweza kumsomea na jirani.

Fundi akisema mota imekwisha kabisa, bado usiuze kwa kilo. Feni, bomba, mikanda ya mgongoni na kifuniko cha tangi huweza kuponya mashine nyingine ya aina hiyo hiyo. Mashine mbovu 3 huweza kuzaa nzima 1. Wenye ushirika waliofikiri vizuri huweka vifaa hivyo katika sanduku moja, wameandika kila kimoja kimetoka mashine ipi.

Mikorosho ya huku huanza kuchanua kuanzia mwezi wa Juni. Basi mashine ifunguliwe mwezi wa Aprili. Anayengoja mpaka maua yatoke atakuta mafundi wote wana foleni.

Jembe, shoka na mpini

Jembe la zamani lina hadithi yake pia. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto. Wafipa wa Ufipa walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu. Majembe yao yalisafirishwa mbali, na watu waliyatoa kuwa mahari. Baadaye yakaja majembe ya viwandani. Mengine yana picha ya mamba. Hayo yalitoka kiwanda cha Chillington cha mji wa Wolverhampton, Uingereza. Baada ya Uhuru tulipata majembe ya UFI, kutoka kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China. Kwa hiyo, kabla hujasugua jembe la zamani, tafuta alama karibu na shimo la mpini. Alama hiyo ni kama cheti chake cha kuzaliwa. Isugue polepole, usiifute.

Kutu ya juu juu huondoka kwa mchanga mkavu na kumbi la nazi. Kutu sugu ilowekwe usiku mmoja katika maji mazito ya ukwaju au ndimu. Ukali wa ukwaju hulegeza kutu. Asubuhi sugua, osha kwa maji safi, kausha juani, kisha paka mafuta. Usiache kuosha, maana ule ukali ukibaki utaleta kutu mpya.

Shoka lina hatari moja ambayo wengi hawaijui. Mpini ukivunjika ndani ya shimo, mtu hulitupa shoka zima motoni ili kipande kiungue. Kipande kinaungua kweli. Lakini makali nayo yanalegea, kwa sababu mhunzi aliyafanya magumu kwa kuyapasha moto na kuyazamisha majini. Shoka lililochomwa hivyo hupinda makali kama bati. Afadhali utoboe kipande hicho kwa keke au kwa msumari mnene, kisha ukipige kitoke. Kama huna budi kutumia moto, fukia makali katika udongo wenye maji, uache upande wa shimo tu juu, uwashe moto mdogo hapo.

Mpini uwe wa mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka, uliokaushwa kivulini. Mpini mbichi ukikauka hulegea, na jembe likichomoka huweza kumuumiza mwenzako anayelima mbele. Watu wengine hupenda kuupaka mpini mafuta ya maganda ya korosho ili mchwa wasiule. Mchwa hawataula, ni kweli. Lakini mafuta hayo huunguza ngozi. Yaache kwa nguzo za nyumba. Mpini upakwe mafuta ya nazi.

Mhunzi wa kijiji hutumia chuma cha zamani kuliko mtu yeyote. Springi ya gari kwake ni panga, mundu au patasi. Kipande cha reli ni fuawe. Na kengele za shule zetu nyingi ni nini? Ni rimu ya gari au kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Hata kengele hizo huibiwa usiku, kama zinavyoibiwa alama za barabarani na vyuma vya madaraja. Kwa hiyo viongozi wa kijiji wamjue kila mnunuzi anayeingia, na yeye aonyeshe leseni yake. Nasema hivi si kwa kuwachukia vijana wa vyuma chakavu. Chuma kisichofaa kitu chochote ni vizuri kiende kiwandani kikayeyushwe. Ninachotaka ni kwamba tuchague kwanza.

Kuna zana za kuwekwa

Zana nyingine hazirudi kazini tena, na bado hazifai kuuzwa. Shuka mpaka Mikindani au vijiji vya pwani kuelekea mlango wa mto Ruvuma. Waundaji wa mashua wana tezo, patasi na keke ya kuzungushwa kwa uta. Siku hizi fundi mwenye umeme hutumia drili. Keke ya babu yake imetundikwa ukutani, au imekwenda kuni, kwa sababu sehemu yake kubwa ni mti. Baada ya miaka 20 mtoto ataliona neno keke kitabuni, na hatakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa pamoja na vyombo vyake. Lakini Dar es Salaam ni mbali, na keke moja ya Mikindani haiwezi kukaa kila mahali. Chumba kimoja cha shule au cha ofisi ya kijiji kinatosha kwa kuanzia.

Waingereza wenyewe wana mfano mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wa huko walianzisha chama kinachoitwa Tools for Self Reliance, maana yake Zana za Kujitegemea. Walikusanya nyundo, misumeno, randa na hata cherehani zilizolala katika mabanda ya watu. Waliojitolea, wengi wao wazee waliostaafu, waliondoa kutu, wakanoa, wakatia mipini mipya. Kisha walizipeleka kwa mafundi wa Afrika. Tanzania ni moja ya nchi zilizopokea zana hizo. Kujitegemea ni neno la Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lilikwenda mpaka Uingereza na kurudi kwetu ndani ya sanduku la misumeno. Sisi tunaweza kuanza na banda la nyumbani.

Zana ya kuwekwa haitunzwi kama zana ya kazi. Usiinoe. Usiipake rangi. Usibadili mpini wa zamani hata kama umepasuka, kwa sababu mpini huo umelainishwa na mikono ya mtu. Ondoa vumbi na kutu inayoanguka, paka mafuta kidogo, basi. Kisha muulize mwenyewe kabla hajachoka kusimulia. Inaitwaje kwa Kiswahili? Inaitwaje kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao? Ilitoka wapi? Nani aliitumia, na kwa kazi gani? Andika majibu yake. Kazi hii haihitaji msomi wa chuo kikuu. Mtu aliyehitimu kisomo cha watu wazima anaiweza, na mtoto wa darasa la 4 anaiweza. Karatasi yenyewe ni fupi:

Jina: keke. Kazi: kutoboa mbao za mashua. Mwenyewe: babu wa nyumba hii, fundi mashua. Aliirithi kwa baba yake. Uta wake umevunjika. Ulikuwa na kamba ya ngozi.

Maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu hufanyika katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Kila mwaka tunaona matrekta mapya yanayong'aa pale, na watoto hupiga nayo picha. Kikundi cha Naliendele kikipeleka meza moja tu, yenye jembe la mamba, jembe la UFI, keke, na mashine ya salfa iliyofufuliwa ikawashwa mbele ya watu, nadhani wazee wataizunguka meza hiyo siku nzima. Karatasi ziandikwe mapema na ziwekwe mbali na zana, maana mafuta ya nazi huchafua karatasi.